Chupa Tatu Dirishani

Kiinua mgongo kiliingia Jumatano.
Kufikia Ijumaa kila mtu wa Uru
alikuwa na nyumba yangu kichwani mwake.

Shemeji Ndesario: "Bloku, inchi sita, mwanzo mwisho.
Saruji haina maswali."
Binti yangu, kwa simu, anataka mbao na vioo,
nyumba inayofika kwa lori
na kusimama kabla chai haijapoa.
Mwenye tanuri la Pasua akanipunguzia bei
ya matofali ya kuchoma, bila kuombwa.
Nikazitazama kuni zake: miparachichi, mikuyu,
mingine bado inavuja utomvu.
Nikamwambia nitafikiria,
kwa sauti ile ile niliyowajibu akina baba
waliotaka kujua ni wa kiume au wa kike.

Miaka thelathini na mitatu nilikuwa mkunga.
Kinachokuja hakiji kwa midomo ya watu.

Tatizo ni njia. Fuso linaishia darajani, kwenye mfereji;
kutoka pale ni vichwa vya vijana,
na kila kichwa kina bei yake.
Bloku elfu tatu na mia mbili:
nilipiga hesabu nyuma ya kadi ya kliniki,
kupandisha kukazidi kununua.

Ndipo akaja fundi Elinami na mashine yake,
chuma chenye mpini mrefu kama wa pampu ya kisima,
kinachobana udongo ukawa tofali lenye jino na tundu,
hili likimuuma mwenzake bila kuomba saruji.
Haongei sana. Anaonja udongo.
Naapa, aliuonja, akatema, akaomba chupa tatu za jamu.

Moja akatia udongo wa migombani.
Moja, wa kando ya mfereji.
Ya tatu akaenda kumega ukutani,
ukuta wa jiko la mama, uliobaki nusu,
fito zimetokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.
Maji. Chumvi kidogo. Tikisa.
"Weka dirishani, mama. Usiguse."

Usiku niliamka mara mbili na tochi,
kama niliyeacha vichanga wodini.

Asubuhi kila chupa ilikuwa imesema yake.
Wa migombani: mweusi, mizizi inaelea;
huo wa kulisha watu, si wa kuwasitiri.
Wa mfereji: mfinyanzi mtupu, utapasuka kama kisigino.
Wa ukutani, Elinami aliupima kwa vidole,
mchanga, tope laini, mfinyanzi,
akapima tena.
"Nani aliuchanganya huu?"

Mtu asiyejua kuandika jina lake.
Mchanga aliutoa mto Rau kwa ndoo,
akaukanyaga kwa miguu yake, mimi mgongoni.
Hilo sikumwambia. Nilisema: "Wa zamani."

Ndesario akacheka hadi akashika kiuno.
"Hela ya serikali, shemeji, unajengea kifusi?
Watu watasema mjane kaishiwa."

Karai moja la saruji, kumi na mawili ya kifusi.
Tofali la kwanza tulilifunika majani ya migomba,
nikalinywesha asubuhi na jioni, wiki nne,
na nikalionea haya kidogo, kwa kuwa nililisemesha.
Siku ilipofika, Ndesario mwenyewe alilinyanyua hadi begani
akaliachia.

Lilitua kwa pembe. Kipande kikaruka,
ukubwa wa jino la mtoto.
Akaliokota, akaligeuza, akatia kidole kwenye pengo.
Kisha akauliza, akitazama pembeni,
mashine inakodishwa shilingi ngapi kwa siku.

Msingi utakuwa wa mawe, na lenta ya nondo;
sijawa mwendawazimu.
Kifusi hakitatosha, tutachimba na juu ya zizi,
na huko, anasema Elinami, itabidi chupa nyingine.

Ile ya tatu sijaimwaga.
Nitaiweka kwenye dirisha jipya
nikishajua dirisha litazame wapi,
jambo ambalo Uru nzima, nasikia, imeshaanza kulijadili.